Pedali Ilipiga Mezani, Ikafa Ndani ya Boksi

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, nimejitengenezea pedali ya ovadraivu. Taa inawaka, lakini nikikanyaga swichi sauti inakatika kabisa. Nimebadilisha aisii mara mbili. Nibadilishe nini tena?" Pedali ya ovadraivu ni kijisanduku cha kukanyaga kinachoikwaruza sauti ya gitaa, na aisii ni kile kipande cheusi chenye miguu kinachoikuza sauti hiyo. Nilicheka, halafu nikanyamaza. Swali hilohilo niliwahi kuliuliza mimi.

Pedali yangu ya kwanza ilikuwa nakala ya Tube Screamer ya Ibanez, ile ya mwishoni mwa miaka ya 1970 ambayo wengi wetu tunaojitengenezea ndipo tunapoanzia. Aisii moja ya 4558, daiodi mbili za silikoni zilizotazamana kinyume (ndizo zinazoikwaruza sauti), rezista na kapasita za kuhesabika. Habari za kulehemu siwachoshi nazo. Usiku niliomaliza, niliunganisha kila kitu mezani, bodi ikiwa wazi, nikapiga gitaa, kodi ya E, yaani nota kadhaa kwa pamoja. Jamani! Sauti ilijaa, ikawa na mkwaruzo mtamu kwenye kingo, ikaning'inia hewani hadi nikaizima mwenyewe kwa kiganja. Nyumba nzima iliamka na sikuomba radhi.

Nikaitia kwenye boksi la alumini, boksi nikalipaka rangi nyekundu, nikaenda nayo mazoezini. Kosa langu la kwanza halikuwa la umeme. Nilitangaza kabla. Nikawaambia wenzangu wakae kimya wasikilize, nikakanyaga.

Kimya.

Taa inawaka vizuri tu, sauti hakuna. Nikichapa nyuzi kwa nguvu zote, unatoka mkwaruzo mfupi, basi. Mpiga besi wetu akasema, "Hongera, umetengeneza swichi ya kuzimia gitaa." Wakacheka wote, hadi mpiga ngoma, mtu ambaye kumwona meno ni kazi. Nimeshamsamehe yule bwana, ila maneno yake, kama mnavyoona, sijasahau hata moja.

Nikarudi nyumbani nikafanya ulichofanya wewe. Nikabadilisha aisii. Nikabadilisha tena. Nikazishuku daiodi, nikazing'oa kwa hasira, na kipande cha njia ya shaba kikabanduka pamoja nazo, kwa hiyo sasa nina magonjwa mawili. Nikaziba hapo kwa waya. Kilichonitia wazimu ni kwamba kila nikiitoa bodi nje, inapiga! Naifunga, inakufa. Nilifika mahali pa kuamini kwamba aisii zinaogopa giza.

Mita ya kupimia umeme nilikuwa nayo muda wote huo. Pedali ya aina hii inakula volti 9, na ndani yake rezista mbili zinazolingana, mara nyingi za kilo-omu 10, zinaugawa umeme huo nusu kwa nusu ili ipatikane 4.5. Sauti ya gitaa inapanda na kushuka kuizunguka hiyo 4.5. Ikipotea, aisii inakuwa imelala sakafuni, haina pa kushukia. Kwa hiyo waya mweusi wa mita unauweka kwenye hasi, mwekundu unagusa miguu ya aisii: mguu wa 8 karibu 9, wa 4 sifuri, wa 1 na wa 7 karibu 4.5. Nikapima. Yote sawasawa! Bila shaka yawe sawasawa, bodi ilikuwa nje. Nilikuwa nampima mgonjwa siku za uzima wake.

Ndipo nikalehemu uzi mwembamba wa waya pale rezista mbili zinapokutana, nikaupitisha ukingoni mwa kifuniko, ncha ya pili ya mita nikaigusisha kwenye nati ya jeki, lile tundu la kuchomekea waya wa gitaa, nikaanza kukaza skrubu huku macho yangu yakiwa kwenye kioo cha mita. Ya kwanza, 4.5. Ya pili, 4.5. Ya tatu, namba ikadondoka: 0.00. Nikalegeza robo mzunguko, 4.5 ikarudi. Nikakaza, sifuri. Nilirudia mara nane au tisa kwa raha tu.

Mguu wa kapasita niliouacha mrefu chini ya bodi ulikuwa unagusa mgongo wa potensiometa ya draivu, ile ya kuzungusha ili kuongeza mkwaruzo. Mgongo ule ni chuma, umeshikamana na boksi, na boksi ni hasi, kwa hiyo ile 4.5 ikawa inamwagikia humo. Nikaukata mguu, nikabandika kipande cha plastiki katikati. Dakika tano, baada ya wiki tatu.

Sasa nisikilize, mdogo wangu. Acheni kung'oa vitu mlivyovilehemu kwa jasho lenu kabla hamjapima. Pima, na upime pedali ikiwa katika hali ileile inayoigomesha, siyo hali inayokurahisishia wewe. Namba zikiwa nzuri, ifuate sauti yenyewe: lehemu kapasita ya mikrofaradi 0.1 kwenye ncha ya waya unaokwenda kwenye amplifaya, punguza sauti ya amplifaya usije ukajipasua masikio, kisha gusa hatua kwa hatua kuanzia jeki ya kuingizia huku mtu anapiga gitaa. Inapokatikia, tatizo liko kati ya hapo na ulipotoka. Jambo la pili ni kupima. Najua nimeshasema. Watu wanasoma, wanaitikia, halafu wanashika pasi ya kulehemu.

Yule mpiga besi, kwa taarifa yenu, ameniomba nimtengenezee ya kwake. Nimemwambia nina kazi nyingi.

Na wewe uliyeniandikia, nitumie namba tatu: mguu wa 8, wa 1 na wa 7. Kifuniko kikiwa kimefungwa, skrubu zote nne.