Mwanasiasa akitaka wakimbizi wafukuzwe, mtangazaji amuulize nini?

SWALI: Naendesha kipindi cha asubuhi katika redio ya jamii hapa Kenya. Wanasiasa wakija studioni husema wakimbizi ni wahamiaji haramu na magaidi, na kambi ya Dadaab ifungwe. Nikitaja huruma, hunijibu kwamba huruma haina nafasi kwenye usalama wa nchi. Nimuulize nini mgeni wa namna hiyo?

JIBU: Huruma usiiache, ila usiingie studioni nayo peke yake. Mkataba wa wakimbizi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 unasema kumpa mtu hifadhi ni tendo la amani na utu. Kenya iliuridhia, na ibara ya 2(6) ya Katiba inaufanya kuwa sehemu ya sheria zetu. Kwa hiyo mgeni wako hapingani na moyo wako mwema. Anapingana na sheria, na una haki ya kumwambia hivyo hewani.

Akisema "haramu", muulize amesoma nini katika Sheria ya Wakimbizi ya 2021. Sheria hiyo inampa aliyeingia nchini, kihalali au vinginevyo, siku 30 za kufika mwenyewe mbele ya Kamishna wa Wakimbizi au ofisa wa wakimbizi wa kaunti na kuomba hifadhi. Ombi likiwa bado linashughulikiwa, mtu huyo hawezi kurudishwa alikokimbia. Watangazaji wengi huteleza hapa: hupokea neno la mgeni na kulitumia wenyewe hadi mwisho wa kipindi.

Akigeukia ugaidi, usibishe kwamba hatari haipo. Watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, na familia zao zinakusikiliza. Mkumbushe kwamba mmoja wa washambuliaji alikuwa Mkenya, mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Kisha muulize kwa nini hatumii njia iliyopo: Mkataba wa Wakimbizi wa Umoja wa Mataifa wa 1951 unamnyima ulinzi mwenye makosa mazito, lakini kila mtu huchunguzwa kwa matendo yake mwenyewe. Adhabu ya jumla haimo.

Akitoa makataa ya kufunga kambi, mshike hapo hapo. Kwa amri ya nani? Chini ya kifungu kipi? Watu waende wapi, na nani amethibitisha huko ni salama? Baada ya Garissa, serikali iliipa UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, miezi mitatu kuihamisha Dadaab. Muda ukapita, kambi ikabaki. Mei 2016 ikatangaza tena kuifunga. Tarehe 9 Februari 2017 Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu akaamua kwamba agizo hilo linakiuka Katiba. Kabla ya hapo, Februari 2015, mahakama hiyo ilikuwa imefuta kifungu kilichotaka wakimbizi nchini wasizidi 150,000. Wakati huo walikuwa zaidi ya 500,000, na kifungu hicho kingetekelezwa tu kwa kuwasukuma watu nje. Weka tarehe hizi kwenye karatasi mbele yako. Mwanasiasa aliyezoea kupigiwa makofi huishiwa maneno haraka akiulizwa kifungu.

Nakuonya juu ya jambo moja linalofanywa kwa nia njema: kumleta mwomba hifadhi asimulie mateso yake ili wasikilizaji waguswe. Hewani atababaika, aseme alikimbia Machi badala ya Mei, na ofisa anayeshughulikia faili lake akilinganisha na maelezo aliyotoa kwenye mahojiano, tofauti hiyo inaweza kumfanya asiaminike. Ndugu zake waliobaki nyumbani nao wanaweza kutafutwa. Akikubali kuzungumza, ficha jina, kijiji na njia aliyopita, na umuulize maisha ya hapa, si sababu za kukimbia.

Malalamiko ya wenyeji wa Garissa na Turkana, kaunti zenye kambi, kuhusu maji, kuni na malisho ni ya kweli, na kuyapuuza ni kumwachia mwanasiasa uwanja. Mpango wa serikali uitwao Shirika (Shirika Plan), uliozinduliwa Machi 2025, unalenga kugeuza kambi ziwe makazi yenye huduma za pamoja kwa wenyeji na wakimbizi. Muulize mgeni wako ameufanyia nini: ni kisima kipi, zahanati ipi, shule ipi aliyoipigania bungeni.