Hewa ya Mji wa Mashamba Ina Saa Zake

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba aliihamisha familia yake kutoka jijini hadi mji wa mashamba ulio mbali na bahari, akiamini kuwa mwanawe mwenye pumu atapata nafuu, na sasa mtoto anakohoa kuliko alivyokohoa jijini. Dada yangu, hayo yote nimeyapitia. Majira ya baridi yaliyokwisha juzi ndiyo ya kwanza ambayo binti yangu ameyamaliza bila kukimbizwa hospitali usiku, na ninajivunia jambo hilo, kwa sababu nililitafuta kwa kuisoma ardhi tunayoishi na majira yake.

Mji wetu uko bondeni, kama ilivyo miji mingi ya mashamba, kwa kuwa maji na udongo mzuri hupatikana huko. Usiku usio na mawingu ardhi hupoteza joto haraka, hewa inayoigusa hupoa na kuwa nzito, kisha huteremka kutoka vilimani na kutuama bondeni, huku hewa yenye joto zaidi ikikaa juu yake kama kifuniko cha chungu. Kwa kawaida hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.5 kwa kila kilomita unayopanda. Mpangilio huo ukigeuka, moshi hauna pa kwenda. Alfajiri za namna hiyo niliutazama moshi wa dohani ya jirani ukipanda hadi usawa wa vilele vya miti, kisha ukalala na kutandaa juu ya mapaa bila kusogea. Bonde la San Joaquin huko California, lililobanwa kati ya Sierra Nevada na milima ya upande wa pwani, na bonde la mto Po nchini Italia, chini ya Alpi, ni maeneo ya kilimo yenye utajiri mkubwa, na yote mawili yanasumbuliwa na hewa chafu kwa sababu hiyo hiyo.

Muuguzi mmoja aliwahi kuniambia kwamba shambani hakuna hewa chafu, na kwamba mimi ndiye ninayemdekeza mtoto. Maneno hayo bado yananichoma. Samadi na mbolea hutoa amonia, nayo ikikutana na gesi za nitrojeni zinazotoka kwenye injini za magari na matrekta, baridi na unyevu husaidia kuzaliwa kwa chembe laini ziitwazo PM2.5, zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, ilhali unywele wa binadamu una takriban mikromita 70. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango cha juu linachopendekeza cha wastani wa mwaka wa chembe hizo kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo. Basi asikudanganye mtu kwamba ng'ombe na majani mabichi ni kinga.

Mvua husafisha hewa, na juu yake sina mengi ya kusema. Taabu huja na mavuno, vumbi la mashine linapoandamana na moshi wa mabua. Punjab na Haryana nchini India huchoma mabua ya mpunga mwezi Oktoba na Novemba, kwa kuwa siku za kuandaa shamba kwa ajili ya ngano ni chache, na moshi huo hufika Delhi wakati upepo umetulia. Majira ya joto nayo huleta ozoni, gesi inayokera mapafu, ambayo jua huitengeneza kutokana na gesi za magari na za viwanda, na ambayo hufikia kilele mchana na alasiri.

Hapo ndipo ushauri wangu ulipo: badilisha saa zako kufuatana na majira. Wakati wa baridi, binti yangu hucheza nje mchana, jua likiwa limekwisha kuchanganya hewa, na madirisha hufungwa jioni hadi asubuhi. Wakati wa joto tunageuza, anacheza asubuhi na kupumzika ndani alasiri. Barakoa ya N95 huzuia vumbi na moshi, lakini haizuii ozoni, kwa hiyo usiitegemee kila siku. Dawa ya kuvuta ya kinga aliyoagiza daktari isiachwe kwa sababu tu mtoto ameamka vizuri.

Zungumza pia na wakulima, tena kwa heshima. Mimi nilimwendea jirani yangu nikamwambia, "Mzee, ukipanga kuchoma mabua, naomba unijulishe mapema," naye tangu hapo hunitumia ujumbe kabla hajawasha moto. Na wewe, dada, ikiwa bado hujalipia nyumba ya kudumu, tafuta iliyo juu kidogo mteremkoni badala ya ile ya chini kabisa bondeni, iliyo mbali na barabara ya malori, na uulize wenyeji upepo wa msimu wa mavuno huvuma ukitokea upande gani.