Boriti, mlango na roshani: majibu kwa wenye nyumba za Mji Mkongwe, Zanzibar

Boriti za chumba cha juu zimeoza ncha. Fundi anataka tuzing'oe zote tumwage zege. Tukubali?

Msikubali. Muulizeni kwanza maji yanatoka wapi. Boriti ya mkoko ikikaa kavu humzika aliyeiweka na wajukuu zake. Kinachoiua ni paa linalovuja, mfereji ulioziba, au ukuta uliopigwa plasta ya saruji. Ukuta wa mawe na chokaa hunywa maji ya masika, kisha huyatoa polepole jua likiwaka. Saruji huyafungia ndani, na ncha ya boriti imo humohumo ukutani. Ichome kwa bisibisi inapoingilia: ikizama kama kwenye boga bovu, ibadilishwe, ikigoma, iacheni. Badilisheni moja moja, dari ikiwa imeshikiliwa kwa nguzo za muda. Zege ni mzigo ambao kuta hizo hazikujengewa, na kwa hewa yetu ya chumvi nondo hushika kutu, zikalipasua.

Chokaa inachelewa kukauka. Tukitia saruji kidogo?

Hiyo "kidogo" ya mafundi naijua: huanza na kopo, ikaishia mfuko. Tumieni chokaa iliyolowekwa shimoni wiki kadhaa, mpige tabaka nyembamba.

Mtu anautaka mlango wetu wa nakshi kwa bei nzuri. Tuuze, tuweke mpya?

Mlango huo ni sehemu ya nyumba, na Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000. Kabla ya kugusa chochote, nendeni Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Kama mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, umeoza chini, seremala akate kipande kile tu aunge mvule. Rangi kuukuu ikwanguliwe kwa mkono. Msasa wa mashine hula nakshi, na nakshi hairudi.

Roshani imelegea, inainamia njiani. Pesa tutapata mwakani.

Matengenezo yangoje mwakani, lakini kuiegemeza ni leo. Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, liliporomoka sehemu Desemba 25, 2020 likiwa katikati ya matengenezo, na watu 2 wakafa. Zuieni watu kupita chini ya roshani yenu. Ikibidi kushushwa, kila ubao uandikwe namba na uwekwe pakavu, pasipo mchwa. Nyingi zitafaa kurudishwa.