Boti kuukuu ya faiba: anza na tezi, rangi baadaye

Anayeuza boti ya faiba atakuonyesha rangi, kisha atawasha mashine uisikie inavyonguruma. Wewe zunguka nyuma. Kwenye hizi boti za futi ishirini na kitu tunazonunua huku Tanga, hasara kubwa hujificha kwenye tezi, ule ukuta unaobeba mashine. Ukiutazama ni faiba tupu, lakini nyingi ndani yake zina plaiwudi. Maji yakishapenya kwenye matundu ya bolti, mbao huoza kimyakimya huku nje pakiendelea kung'aa.

Kukagua hakutaki vifaa vya maana. Shika bisibisi, tumia mpini wake kugonga tezi yote, juu hadi chini. Penye uzima patalia ko, ko, sauti kavu. Palipooza sauti inafumba. Kisha shika mguu wa mashine kwa chini, usukume na kuuvuta huku mwenzako akiangalia pembe ambazo tezi inakutana na ubavu. Ikicheza, au ufa ukafunguka na kujifunga, kazi ipo. Omba pia bolti moja ya chini ifunguliwe. Yakichuruzika maji ya rangi ya chai, mabishano yameisha. Mwenye boti akikataza kuifungua, mimi huaga.

Sitaha itembelee peku, nyayo zitakwambia panapobonyea. Nyufa nyembamba za juu juu zisikutishe, mara nyingi ni ngozi tu. Malengelenge ya chini ya mstari wa maji ndiyo ya kuulizia: toboa moja, likitoa majimaji yenye harufu ya siki, maji yameshaingia kwenye faiba yenyewe.

Tezi mbovu si lazima ikukimbize, ila bei ishuke kwa kiasi cha matengenezo. Fundi mzuri hukata ngozi ya ndani na kuiacha ya nje ishike umbo, anakwangua uozo wote, anaacha pakauke kabisa, halafu anabandika plaiwudi mpya ya majini. Vipande viwili vya milimita 18 vikigandishwa pamoja hutosha boti nyingi za mashine ya nguvu farasi 40, lakini pima unene wa zamani kwanza. Hapa simamia mwenyewe. Faiba ya zamani lazima isagwe mpaka mng'ao uishe, kwa sababu resini mpya, ile gundi ya majimaji inayogandisha faiba, hushika mikwaruzo. Ikipakwa juu ya uso laini, itabanduka. Vumbi lake linawasha kama upupu, basi barakoa na mikono mirefu.

Hadna, dawa ya kugandisha resini ya poliesta, ni kati ya asilimia 1 na 2, yaani mililita 10 hadi 20 kwa lita. Jua likiwa kali changanya kidogo kidogo, tena asubuhi, la sivyo itagandia koponi. Vaa miwani: tone moja la hadna laweza kupofua jicho. Kama resini yenu inauzwa na kobalti (dawa ya kuharakisha kuganda) pembeni, kobalti ikorogwe kwenye resini kwanza, hadna ifuate. Hizo mbili zikikutana zenyewe hulipuka.

Matundu ya bolti yatoboe makubwa kuliko yanavyotakiwa, yajaze resini nzito, ikikauka toboa upya katikati. Hapo bolti inapita kwenye resini, mbao haionji maji. Ni kazi ya nusu siku, na mafundi wengi huiruka usiposimama hapo.

Kazi hii isubiri masika yapite, unyevu na resini havipatani.

Karatasi nazo: linganisha namba ya mashine na hati, andikishianeni mbele ya serikali ya mtaa, halafu usajili wa chombo uende TASAC, shirika la uwakala wa meli, na leseni ya uvuvi halmashauri. Ukishashusha boti majini, baada ya safari za mwanzo kaza tena bolti za mashine, maana tezi mpya hujibana ikishabeba uzito.