Kabla ya Kuuliza Watu Kuhusu Kaunti, Hesabu Masufuria

Msomaji mmoja wa Kisumu, mwanafunzi wa shahada ya uzamili, ametuandikia kwa uchungu. Alitaka kujua kama wakazi wa kaunti hushiriki kupanga bajeti. Kwa siku sita akajaza hojaji 384, nyingi katika soko la Kibuye, na msimamizi wake akazirudisha zote. Anauliza kosa liko wapi, maana idadi aliitoa kwenye jedwali la Krejcie na Morgan, linaloonyesha ukubwa wa sampuli, kama alivyofundishwa.

Idadi haina kosa. Ila 384 ni ya watu waliochaguliwa mmoja mmoja kwa bahati nasibu kutoka orodha ya watu wote, ukikubali kukosea kwa asilimia 5 juu au chini. Kaunti ya Kisumu ilihesabiwa watu 1,155,574 mwaka 2019, katika kaunti ndogo 7 na wadi 35. Mteja wa Kibuye hawezi kumsemea mkulima wa mpunga wa Ahero, wala mvuvi wa Seme, wala mkata miwa wa Muhoroni. Hata ukihoji elfu tatu pale pale sokoni, bado umehoji soko.

Orodha ya wakazi wote hutaipata, kwa hiyo anza na vijiji na mitaa. Viorodheshe pamoja na idadi ya watu wa kila kimoja, jumlisha kwa kupanda, kila kimoja juu ya jumla ya vilivyotangulia, gawanya jumla kuu kwa idadi ya maeneo unayotaka upate hatua ya kuruka, kisha chukua nambari ya kuanzia kwa bahati nasibu na uruke kwa hatua hiyo hiyo. Kijiji kikubwa kitakuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuangukiwa, na ndivyo inavyotakiwa. Lakini majirani hufanana: wanatumia barabara ile ile na zahanati ile ile, kwa hiyo mtu wa pili wa kijiji kimoja hakupi habari mpya sawa na wa kwanza. Chukua kipimo cha mfanano huo kuwa 0.05. Ukihoji watu 20 kila kijiji, sampuli inabidi iongezwe karibu maradufu, kutoka 384 hadi 749. Ukihoji 8 kila kijiji, utahitaji 518. Mwanafunzi asiye na mfadhili na akubali kukosea kwa asilimia 7: hapo 196 zinatosha, ukizidisha kwa 1.35, kizidishi kile kile kilichoifikisha 384 kwenye 518, unapata 265, yaani karibu vijiji 33 vya watu 8 kila kimoja. Wahoji wanne wanaofanya mahojiano matano kwa siku watamaliza kwa wiki mbili na siku chache. Ni heri hizo 265 kuliko 384 za sokoni, na hilo tunalisema bila kusitasita.

Ukifika kijijini ndipo kazi inapoharibika. Mzee wa mtaa atakupokea vizuri na kukuonyesha nyumba za kuingia. Mshukuru, tembea naye, lakini asikuchagulie hata moja, kwa sababu atakupeleka kwa watu wake na kwa wenye sebule. Orodhesha kaya zote kwanza. Kaya si nyumba wala boma. Ni watu wanaokula chungu kimoja. Boma moja la Seme au Nyakach linaweza kuwa na mama wawili, kila mmoja na jiko lake, na mtoto wa kiume aliyeoa anayepikiwa na mkewe: hizo ni kaya tatu. Kijana asiyeoa analala katika simba yake, yaani kibanda cha kijana bomani, lakini anakula kwa mama, basi yeye ni wa kaya ya mama. Ukimhesabu kando umeongeza kaya isiyokuwepo. Nyalenda, mtaa wa wapangaji mjini Kisumu, ni kinyume: ploti moja yenye mlango mmoja barabarani ina vyumba kumi vya kupanga, na mhoji mvivu huandika kaya moja. Wapangaji, ambao aghalabu ndio wanaolia maji na takataka, wanapotea hivyo.

Ndani ya kaya, usimhoji anayefungua mlango. Andika watu wazima wote wenye miaka 18 na zaidi, wape nambari, uchague kwa karatasi zilizokunjwa. Kama aliyeangukiwa hayupo, rudi mara tatu kwa saa tofauti kabla ya kuchukua kaya nyingine. Wa bodaboda utampata jioni. Katika eneo lenye Waadventista wengi, Jumamosi asubuhi milango itakuwa imefungwa, nenda Jumapili.

Sasa swali lenyewe. Huyu ndugu aliuliza: "Je, umewahi kushiriki katika ushirikishwaji wa umma?" Mwananchi anasikia mkutano, anakumbuka baraza la chifu, anajibu ndiyo. Chifu ni mtumishi wa serikali ya kitaifa. Barazani kwake huenda walizungumzia usalama tu. Kwa Kidholuo ni vigumu zaidi, maana neno "sirkal" humkusanya chifu, gavana na rais pamoja. Kwa hiyo usiulize kuhusu "huduma za serikali". Taja kitu chenye mwenyewe: zahanati, chekechea na maji ni za kaunti, polisi na shule ya msingi ni za kitaifa. Na kuhusu mkutano uliza hivi: "Tangu Krismasi, umehudhuria mkutano ulioitwa na kaunti ili watu waseme pesa zitumike wapi?" Akisema ndiyo, fuatiliza: ulifanyika wapi, nani aliuita, walijadili nini. Uliza Mei au Juni, kumbukumbu ikiwa mbichi, kwa kuwa makadirio ya bajeti hufikishwa kwa bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili. "Mwaka wa fedha uliopita" ni lugha ya ofisini. Tafsiri ya Kidholuo irudishwe kwa Kiswahili na mtu mwingine ambaye hajaona swali la kwanza.

Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya kitaifa ya sayansi, kitangulie, kisha ujitambulishe kwa kamishna wa kaunti na chifu. Ukivuka kwenda Siaya au Busia, kumbuka watu wamehojiwa sana huko. Katika vijiji vya Siaya, shirika la misaada la GiveDirectly liligawia kaya maelfu takriban dola 1,000 kila moja, na mwenye kalamu anaweza kudhaniwa analeta orodha ya msaada. Sema mapema, kwa maneno mafupi, kwamba hakuna pesa itakayofuata. Usipolisema, umaskini utakuzwa katika majibu, na mama wa watu atakungoja miezi mitatu bure. Hilo ni kosa dhidi yake kabla halijawa kosa la takwimu.

Zile 384 zisitupwe. Zitumie kama jaribio: chukua waliojibu ndiyo kuhusu ushirikishwaji, na kama waliacha nambari za simu na kukubali kupigiwa, wapigie 30 uwaulize mkutano huo uliitwa na nani. Wakiwa wengi watakaotaja chifu, una ukurasa wa kwanza wa sura yako ya mbinu, na swali jipya la kwenda nalo Ahero.