Maswali ya wasomaji: bustani ya uwani na Neno la Mungu

Barua za safari hii zimetoka Unguja na Pemba. Nyingi zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: mboga zangu zimekufa, je, kuna kitu nimemkosea Mungu? Tumejibu kila barua kwa Maandiko na kwa jembe, maana Isaya 28:24-29 inasema wazi kwamba mkulima anayejua wapi pa kumwaga jira na wapi pa kupanga ngano kwa mistari amefundishwa na Mungu wake. Ujuzi wa udongo nao ni mafundisho yake.

Bwana Yesu asifiwe. Nakaa Jambiani, uwani kwangu ni jiwe tupu. Mchicha na tungule (nyanya) huota vizuri siku chache, jua likikaza majani yanaungua na miche inakufa. Jirani ameniambia ardhi hii ina laana ya Mwanzo 3. Nifanye nini?

Amina, dada. Mwanzo 3:17-19 inahusu ardhi yote, ya Jambiani na ya Kizimbani kwenye udongo mzito vilevile. Uwani kwako hakuna laana ya peke yake. Hali uliyoieleza imo katika Mathayo 13:5-6: mbegu zilizoanguka penye miamba ziliota upesi kwa sababu udongo ulikuwa haba, jua lilipozuka zikaungua kwa kukosa mizizi. Bwana hakumlaumu mpanzi kwa dhambi yoyote. Alitaja kina cha udongo, na hapo ndipo tatizo lako lilipo.

Kwenye uwanda, yaani ardhi ya jiwe la matumbawe kama yako, usichimbe, inua. Jenga tuta la ukuta wa mawe, upana mita 1 ili mkono ufike katikati kutoka pande zote mbili, urefu mita 2, kimo sentimita 30. Ukitaka tungule, ukuta ufike sentimita 40. Kabla ya kujaza, mwaga ndoo ya maji juu ya jiwe. Yakituama zaidi ya saa moja, acha nafasi ndogo baina ya mawe ya chini ili maji yapate kutoka, la sivyo mizizi itaoza wakati wa masika.

Tuta la ukubwa huo lenye kimo cha sentimita 30 linahitaji ndoo 30 za lita 20. Nusu yake, ndoo 15, iwe kinongo, yaani udongo mwekundu. Zilizobaki ziwe samadi iliyooza na makumbi yaliyokatwakatwa, sawa kwa sawa. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawaliangalii: makumbi yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya usumba yamejaa chumvi. Yaloweke kwenye maji matamu, umwage, urudie mara tatu. Usitie majivu. Ardhi ya matumbawe ina chokaa nyingi tayari, na majivu yanaizidishia. Dalili ya chokaa kuzidi ni majani machanga kuwa ya njano huku mishipa yake ikibaki kijani, maana mmea unashindwa kuyapata madini ya chuma hata kama yamo. Dawa yake ni mboji kwa wingi, msimu baada ya msimu.

Angalia na maji ya kisima. Chumvi hujionesha kwanza kwenye majani makubwa ya chini: ncha na kingo zinakauka na kuwa rangi ya kahawia, katikati bado kijani. Kunyunyiza kidogo kidogo kila saa kunaharibu zaidi, kwa sababu maji yanakauka na chumvi inabaki juu. Mwagia asubuhi, kwenye shina wala si juu ya majani, mpaka maji yachuruzike chini ya ukuta. Funika udongo kwa majani makavu, unene wa sentimita 5. Panda spinachi, mchicha na kunde. Maharage yaache kabisa, hayastahimili chumvi. Ukiwa na pipa la maji ya mvua, yaweke kwa ajili ya kitalu, kwani mche mchanga ndio unaoumia zaidi.

Tumsifu Yesu Kristo. Huku Wete tunachanganya muhogo na kunde tangu zamani. Katekista mmoja amesema Walawi 19:19 inakataza mbegu za namna mbili katika shamba moja. Je, tunatenda dhambi?

Milele, amina. Hamtendi dhambi. Agizo hilo limo katika Sheria waliyopewa Waisraeli, mstari mmoja na katazo la nguo ya nyuzi mchanganyiko, na sura iliyofanana nayo, Kumbukumbu la Torati 22, inataja shamba la mizabibu na nguo ya sufu na kitani. Anayewazuia kunde angepaswa pia kuzikagua kanga na mashati ya waumini wote. Wakolosai 2:16-17 inayaita mambo ya namna hii kivuli cha yaliyokuja katika Kristo.

Hata walioishika Sheria hiyo kwa ukali hawakuisoma kama bustani ya mmea mmoja. Mishna, mkusanyiko wa mafundisho ya walimu wa Kiyahudi, inaruhusu katika kitalu cha viganja sita kila upande, yaani karibu nusu mita, kupanda aina tano za mbegu: nne pembeni na moja katikati. Walichokikataa ni kutupa mbegu ovyo mpaka usijue kipi ni kipi. Mkulima yeyote atakubaliana nao katika hilo.

Kwa hiyo changanyeni kwa mpango. Muhogo mita 1 kwa mita 1. Katikati ya mistari, sentimita 50 kutoka kwenye muhogo, pitisheni mstari mmoja wa kunde: mbegu mbili kila shimo, kina sentimita 3, sentimita 20 baina ya mashimo. Pandeni vyote wiki moja, mvua ikishaingia. Kunde huvunwa ndani ya miezi miwili mpaka mitatu, kabla muhogo haujafunga kivuli. Mkichelewesha kunde kwa mwezi mzima zitarefuka bila kuzaa, kwa kufukuzia jua.

Mkishavuna msiing'oe kunde. Ikateni shina usawa wa ardhi na muiache mizizi. Ng'oeni mche mmoja tu wakati wa maua muutazame: kwenye mizizi kuna vinundu kama punje za uwele, ukikipasua kimoja kwa ukucha ndani kina rangi ya waridi. Hivyo ndivyo vinavyokamata naitrojeni ya hewani. Vikiwa vyeupe au vya kijani ndani, havifanyi kazi, na mara nyingi sababu ni udongo wa kinamo uliotuama maji. Inueni matuta.

Tunakaa ghorofani Michenzani, hatuna hata shubiri ya ardhi. Ndoo tatu za barazani zinahesabiwa kuwa bustani? Na mbona tungule zangu zinaoza makalioni kabla ya kuiva?

Yeremia 29:5 iliandikwa kwa watu waliohamishiwa Babeli, wasio na shamba la babu zao, nao waliambiwa wapande bustani wale matunda yake. Ndoo tatu zinahesabiwa.

Ndoo ya lita 20 inabeba mche mmoja wa tungule, au pilipili mbili, au mchicha unaochumwa majani. Toboa mashimo matano ya ukubwa wa kidole chini. Jaza kama tulivyomwambia msomaji wa Jambiani, ila usiweke kinongo kitupu, kwa sababu ndani ya ndoo hushikana kikawa tofali. Baraza lipate jua saa 6 kwa siku. Likipata saa 3 au 4, panda mchicha na majani ya mboga, achana na tungule.

Doa jeusi linalodidimia kwenye kitako cha tungule si ugonjwa wa kuambukiza wala si mdudu. Tunda limekosa madini ya kalisi (kalsiamu) wakati linakua, kwa sababu kalisi hupanda na maji, na maji yako yanakuja kwa vishindo: leo ndoo imekauka, kesho imefurika. Kuongeza chokaa peke yake hakutasaidia ikiwa maji hayatengenei. Chomeka kidole sentimita 3. Pakiwa pakavu, mwagia mpaka maji yatoke chini. Siku za jua kali ni kila siku, pengine asubuhi na jioni. Matunda yaliyoharibika yatoe, yanayofuata yatakuja mazima.

Msimu nao una neno. Tungule hufanya vizuri zaidi kipupwe. Sia kitalu mwishoni mwa Aprili au Mei chini ya kipaa, hamisha Juni zikiwa na majani manne au matano ya kweli. Ukizihamisha katikati ya masika, mvua inarusha udongo kwenye majani na ugonjwa wa baka jeusi unafuata.

Nilisoma Luka 13:8, mtunza shamba anaomba aupalilie mtini na kuutia samadi. Nikatia samadi ya kuku moja kwa moja kutoka bandani, miche ikaungua yote. Nimekosea wapi? (Mbweni)

Samadi ya kuku ikiwa mbichi ina amonia inayounguza mizizi. Ukiinusa ikakupiga puani, haijawa tayari. Mtini katika mfano ule ulikuwa mti mkubwa uliokwishakaa miaka. Mche wa wiki tatu hauwezi kuhimili kitu hicho hicho.

Tengeneza lundo la mita 1 kila upande na kimo cha mita 1. Likiwa dogo zaidi halipati joto. Tabaka la majani makavu na mabua, sentimita 20. Tabaka la majani mabichi na maganda ya jikoni, sentimita 10. Samadi ya kuku, sentimita 5. Konzi mbili za udongo, maji, kisha rudia mpaka juu. Chukua konzi ya katikati uikamue: itoe tone moja au mawili. Ikichuruzika, ongeza majani makavu, na isipotoa kitu ongeza maji. Siku ya nne chomeka kijiti katikati, kichomoe baada ya dakika tano ukishike. Kikiwa cha moto, lundo linafanya kazi. Kikiwa baridi, mara nyingi ni ukavu au upungufu wa samadi. Pindua kila wiki mbili, na kati ya miezi miwili na mitatu utakuwa na mboji nyeusi inayonuka kama ardhi baada ya mvua.

Chicha la nazi litie kidogo na ulifukie ndani, likibaki juu linaita panya na siafu. Kinyesi cha mbwa, paka, nguruwe au binadamu kisiingie kwenye bustani ya mboga, kina minyoo na maradhi yanayopita kwa mtu.

Kutoka 23:10-11 inasema ardhi ipumzike mwaka wa saba. Kipande changu cha Tunguu ni hatua kumi kwa kumi, nikikipumzisha tutakula nini? Na biringani zangu zinanyauka mchana zikiwa bado za kijani.

Tuanze na biringani, maana huenda kipande chako kinadai mapumziko mapema. Kata shina la mche ulionyauka karibu na ardhi, urefu wa kidole, ulining'inize kwenye gilasi ya maji safi ncha ya chini ikigusa maji. Tulia dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama moshi wa maziwa ukishuka, ni mnyauko wa bakteria. Hauna dawa ya kupulizia. Ng'oa mche na mizizi yake, uchome moto, usiutie kwenye lundo. Safisha jembe kabla ya kuhamia upande mwingine.

Bakteria huyo hubaki ardhini miaka, na chakula chake ni tungule, biringani, pilipili na mbatata. Kwa hiyo gawa kipande chako sehemu nne. Palipougua pasipandwe lolote katika hayo manne kwa miaka mitatu au zaidi. Panda mahindi, kisha kunde, na mwaka mmoja acha fiwi zitambae zifunike ardhi, usivune kila kitu, majani yarudi chini. Sehemu nyingine tatu zitakulisha. Mapumziko ya Kutoka yalikuwa pia ili maskini wa watu wapate kula, ndivyo mstari wa 11 unavyosema, kwa hiyo fiwi za sehemu hiyo jirani akichuma mwachie.

Kunguru wananing'olea miche, na vidukari wamejaa kwenye kunde. Kuwaua ni halali? (Chake Chake)

Adamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza, Mwanzo 2:15, na kutunza ni pamoja na kulinda. Kunguru wazuie kwa wavu mkuukuu wa kuvulia, uutandaze juu ya vijiti kimo cha sentimita 50, ushuke mpaka chini pembeni. Ondoa wavu miche ikishafika kimo cha goti.

Kwa vidukari, anza kwa vidole na maji, vingi hutoka. Vilivyobaki vipulizie mwarubaini: gramu 50 za kokwa zilizokaushwa kivulini na kutwangwa, kwa lita 1 ya maji, zilale usiku mmoja. Chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo ya kipande iliyoyeyushwa, pulizia chini ya majani. Fanya hivyo jioni, kwa sababu jua linaiharibu dawa haraka na nyuki wamesharudi. Rudia kila siku 7. Tumia siku hiyo hiyo uliyochuja, ukiiweka inapoteza nguvu. Na watazame chunguchungu wanaopanda shina: wao huwalinda vidukari ili wapate utamu wao, hivyo usipowashughulikia hao, vidukari watarudi.