Swali la lugha: "Nimeshampa" na "ya se lo di"

Msomaji anayejifunza Kihispania ametuletea swali ambalo, ingawa limezaliwa katika darasa la lugha ya kigeni, jibu lake linaanzia ndani ya kitenzi chetu wenyewe. Katika zoezi moja alitakiwa kujibu "¿Le diste el libro a Juan?", yaani "Je, ulimpa Juan kile kitabu?", naye akaandika "Sí, ya le di", kwa kuwa kichwani alikuwa na "Ndiyo, nimeshampa." Mwalimu aliikata sentensi hiyo kwa kalamu nyekundu, akaandika juu yake "Sí, ya se lo di". Msomaji anauliza: hilo "lo" linalosimamia kitabu liko wapi katika "nimeshampa"? Na kama halimo, je, inafaa kusema "nimeshamkipa", au Kiswahili kimepungukiwa?

"Nimeshamkipa" si Kiswahili, na "nimeshampa" haikupungukiwa na kitu. Tukikipasua kitenzi hiki tunapata ni- ya mtenda, -me- na -sha- za wakati na hali, -m- ya anayepewa, -p- ambayo ni mzizi, na -a ya kumalizia. Baada ya viambishi vya wakati na kabla ya mzizi pana nafasi ya yambwa, yaani ya kiambishi kinachomwakilisha mtendwa au mtendewa, na nafasi hiyo ni moja tu. Kihispania kina nafasi mbili, moja ya anayepewa na nyingine ya kinachotolewa, ndiyo maana mwalimu alidai zote mbili zijazwe. Sisi tunapokuwa na wawili wanaoitaka nafasi moja, mmoja huingia na mwingine hubaki nje, ama akitajwa kwa jina lake, ama akiachwa kwa sababu msikilizaji anamjua.

Anayeingia ni nani? Wengi hudhani kwamba Juan ameingia kwa sababu ni mtu na kitabu kimebaki nje kwa sababu ni kitu. Maelezo hayo yanaelekea kuwa kweli, lakini hayatoshi, na sentensi moja inaonyesha hivyo: "Nilikipa kitabu jina jipya." Hapa -ki- imekaa pale pale ilipokaa -m-, wala hakuna sikio linaloikataa, kwa kuwa safari hii kitabu ndicho kilichopewa. Kinachoamua ni nani au nini kimepokea. Anayesema "nilikipa Juan" akikusudia kwamba Juan alipata kitabu amesema kinyume cha anachotaka, kwa maana sentensi yake inakifanya kitabu kuwa mpokeaji. Wanasarufi humwita mpokeaji huyo shamirisho kitondo, na kile kinachotolewa shamirisho kipozi. Kanuni hiyo inavitawala pia vitenzi vya kutendea: tunasema "nilimwandikia mama barua", kamwe hatusemi "niliiandikia mama barua", lakini "nilikiandikia kitabu dibaji" ni sawa kabisa.

Basi anayetaka kitabu kisikike afanye nini? Anaweza kukitanguliza, "Kitabu nimeshampa", au kutumia kauli ya kutendwa, "Kitabu ameshapewa." Anaweza pia kubadilisha kitenzi na kusema "Nimeshakipeleka kwake", ambapo Juan ametolewa nje kwa neno "kwake" na nafasi ikabaki wazi kwa -ki-. Katika mazungumzo kama yale ya zoezini, hata hivyo, ningechagua "nimeshampa" bila kusita. Kuongeza "hicho" pasipo haja ya kukitofautisha na kingine kunaipa sentensi uzito usiotakiwa, na ni kosa ninalolikuta mara kwa mara katika tafsiri ambazo mfasiri aliogopa kuacha neno lolote la lugha ya asili bila mwenzake.

Tuigeukie sasa "se lo di" yenyewe. Kihispania hakiruhusu "le" wala "les" kutangulia "lo", "la", "los" au "las". Hapo "le" hugeuka kuwa "se". Kwa hiyo "se" hii haina uhusiano na -ji- yetu, ingawa ile ya "se lava", yaani "anajiosha", inaandikwa vile vile. "Lo" nayo hufuata jinsia na idadi ya nomino: el libro huleta "se lo di", la carta huleta "se la di", na las cartas huleta "se las di". Mswahili asiliogope jambo hili, kwani tangu utotoni amezoea kuchagua kati ya "nimekisoma", "nimeisoma" na "nimezisoma" kwa kufuata ngeli, na hakuna aliyemfundisha kwa jedwali.

Ugumu uko kwenye "se", ambayo haionyeshi kama aliyepewa ni mwanamume au mwanamke, mmoja au wengi, wao au ninyi mnaoheshimiwa. Mhispania anayetaka kuondoa shaka huongeza mwishoni "a ella" au "a ustedes". Kwetu -m- na -wa- zinatenganisha mmoja na wengi, lakini "nimewapa" nayo ina shaka yake, kwani yaweza kuwa wao au ninyi, na dawa yake ni kile kiishio kizuri cha -ni ambacho vijana wanaanza kukisahau: "nimewapeni".

Liko kosa jingine ambalo msomaji wetu hakuliuliza, ila atalifikia wiki si nyingi. Kwa kuwa Kiswahili sanifu kinataka "nilimwona Juan", wala si "niliona Juan", atashawishika kuandika "lo vi a Juan". Watu wa Buenos Aires husema hivyo, lakini Kihispania cha vitabu vya shule kinataka "vi a Juan": kazi ya kuonyesha kwamba mtendwa ni mtu inafanywa na kile kihusishi "a", si na kiwakilishi kilichokaa kwenye kitenzi. Mtendwa akitangulizwa ndipo kiwakilishi hulazimika, na hapo lugha hizi mbili zinafanana kwa namna inayonifurahisha kila ninapoifundisha: "El libro lo leí" ni "Kitabu nilikisoma", kiungo kwa kiungo.

Zinafanana pia mahali pengine, na hapo ndipo penye sehemu ya jibu ambayo ningependa msomaji aishike zaidi. Nilisema kitenzi chetu kina nafasi moja ya yambwa, lakini kina nafasi nyingine ya urejeshi, na kitabu kilichofungiwa nje ya ile ya kwanza kinaweza kuingia kwa hii ya pili: "kitabu nilichompa". Katika neno hilo moja -cho- ni kitabu na -m- ni Juan, wote wawili wamo. Kihispania nacho, ambacho katika sentensi ya kawaida kilidai "lo" kwa kalamu nyekundu, hapa hakiitaki tena, kwa kuwa "que" imekwisha kukibeba kitabu. Husemwa "el libro que le di", si "el libro que se lo di". Zoezi lijalo likiwa la sentensi za namna hii, msomaji na aandike kwa kuufuata Uswahili wake, naye atakuwa amepata.